Namna ya kumtafuta mtu wa usonji katika ukoo wako

Kosa la kwanza nililifanya mimi, kwa hivyo wewe huna haja ya kulirudia.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, miaka minne iliyopita. Daktari alikuwa ameniuliza lile swali ambalo mama wengi wa watoto wenye usonji huulizwa: kuna mwingine kama huyu katika familia? Nikasema hakuna. Nilijibu upesi, kama mtu anayekana deni. Usiku, mwanangu Salim amelala nami nakanda unga wa mahamri ya kuuza alfajiri, swali likanirudia. Nina uhakika gani kwamba hakuna? Kesho yake nikaenda Kibokoni, hapa Mombasa, kwa Bi Zuhura, mdogo wake bibi yangu mzaa mama, mwenye miaka themanini na kitu. Nikamwamkia, nikakaa, na kahawa haijamiminwa nikauliza: "Bibi, kwetu kulipata kuwa na mtu mwenye usonji?"

Akataka kujua usonji ni nini. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: mtoto huzaliwa ubongo wake ukifanya kazi kwa njia yake, maneno huweza kuchelewa au yasije kabisa, kutazamana usoni humchosha, sauti ndogo kwake huwa kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Wataka watu waseme kwetu kuna wazimu? Na hawa wajukuu zangu, n'nani atakayewaposa?"

Sikumaliza hata kahawa.

Miezi miwili baadaye tuko uani kwenye arusi, tunachambua mchele. Salim amekaa peke yake chini ya ngazi na sahani yake ya wali mtupu. Bi Zuhura akamtazama kitambo, akasema kama anayezungumza na ungo: "Ndiye Omari huyu. Omari naye hakutaka mtuzi uguse wali."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Tangu siku hiyo nimewasindikiza akina mama wengine kwa wazee wao, nikiwa nimebeba halua na kunyamaza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Weka neno lenyewe mfukoni

Wazee wengi usonji wamelisikia redioni au kwa wajukuu, na wakilisikia wanasikia ugonjwa. Lakini usidhani Wazungu wamekuwa nalo lao tangu enzi na enzi. Hilo la kwao, "autism", daktari wa akili Eugen Bleuler wa Uswisi ndiye aliyelitunga, likachapishwa mwaka 1911, tena kwa ajili ya watu wazima wenye maradhi mengine ya akili. Mwaka 1925 daktari mwanamke, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita aliowaona Moscow. Ukisoma maelezo yale leo utadhani amekaa na mwanao sebuleni, ila kwa miaka mingi wachache walimtaja. Daktari Leo Kanner akaandika kuhusu watoto 11 huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, na Hans Asperger akafuatia Vienna mwaka 1944. Kwa hiyo babu yako aliyefariki 1930 asingeitwa hivyo hata angekuwa mpangaji katika nyumba ya Kanner.

Unachokwenda kukitafuta ni vitu vya kushikika: alikula nini, alilala wapi, alipita njia gani, nini kilimfanya apige kelele, na nani alijua kumtuliza.

Kwenda kwa mzee

Nenda baada ya alasiri, wazee wakishaswali na kabla ya pilikapilika za magharibi. Ijumaa asubuhi usijaribu. Chukua kitu mkononi. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi, na usiiweke karibu na feni. Nina dakika arobaini za feni ya Bi Zuhura, na sauti yake imo humo kama mtu anayekuita kutoka jahazini.

Usiulize nani alikuwa mgonjwa. Uliza nani alikuwa mgumu kulishwa. Sijapata swali linalofungua milango kama hili, na sababu ni nyepesi: waliopika ni wanawake, na mwanamke aliyepika miaka thelathini hasahau aliyemsumbua jikoni. Ukishapata jina, endelea pole pole. Alivaa nini? Nguo mpya aliikubali siku ile ile au ilifuliwa kwanza mara kadhaa? Ngoma ikipigwa alikwenda au alijificha? Alirudia maneno ya watu kama mwangwi? Alitembea kwa ncha za vidole? Kuna jambo moja alilolijua kupita watu wote mtaani?

Bi Zuhura, nilipomrudia na maswali haya, hakuhitaji kusukumwa. Omari, kaka yake mkubwa, alikuwa na sahani mbili, wali huku na samaki huku, na zikigusana hali tena mpaka kesho. Hakutaka kuguswa kichwa. "Kinyozi akipiga hodi, Omari yu darini." Kila alasiri alitoka Kibokoni mpaka Ngomeni, yaani Fort Jesus, wakati huo Ngome bado jela, akigusa pembe ile ile ya ukuta na kurudi kwa njia ile ile. Watu walipompa mkono aliutazama mkono.

Na alijua miongo. Wasomaji wa bara huenda hawajui: waswahili wa pwani tuna mwaka wetu wa jua, unaoanza Nairuzi, Siku ya Mwaka. Una siku 365, umegawiwa mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo, thelathini na sita, na siku tano zinabaki. Mabaharia na wakulima ndio waliouhitaji, kwa sababu mwezi mwandamo haukwambii kusi itaanza kuvuma lini. Omari hakuwa baharia wala mkulima. Ila ungemwamsha usiku ukamuuliza leo ni siku ya ngapi katika mwongo wa ngapi, angekujibu kisha alale tena. Manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Arabuni walikuwa wakimuuliza kwa mzaha walipotia nanga Bandari ya Kale, kisha wakarudi kumuuliza bila mzaha. Mji ukampa jina: Omari Miongo.

Watafute pia waliokuwa watoto wakati ule. Mlezi husema "alikuwa mtu wa kivyake tu, maskini", kwa sababu anamstahi marehemu. Watoto wa jirani hukumbuka mengine. Mzee mmoja wa mtaani, sasa ana miaka sabini na saba, alinieleza kwamba wao wakiwa wadogo walikuwa wakihamisha kigoda cha Omari hatua moja tu barazani, kisha wanajificha wasubiri apige ukelele. Alianza kunieleza akicheka. Katikati akaacha kucheka, akauliza Salim yuko darasa la ngapi.

Mtafute aliyempikia

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mtu asiyezungumza sana hakuacha maneno; aliyemhudumia ndiye aliyebaki nayo. Ukimkosa wa kwanza, mtafute wa pili.

Angalia hata habari zinazojulikana dunia nzima. Mwaka 1800 huko Ufaransa alitokea msituni kijana asiyesema, wakampa jina la Victor. Wengi leo wanaamini alikuwa na usonji, wengine wanasema ni athari za kutupwa porini, hatuwezi kumpima. Daktari Itard alijaribu miaka kadhaa kumfundisha kusema, akaandika, akawa maarufu. Kisha akakata tamaa. Aliyebaki na Victor mjini Paris mpaka alipokufa mwaka 1828 ni mwanamke aliyeajiriwa kumtunza, Bi Guérin. Kama kuna aliyejua Victor alipenda kula nini, ni huyo, na sisi tunasoma vitabu vya Itard.

Au Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza kati ya wale 11 wa Kanner. Alizaliwa 1933. Akiwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wampeleke kwenye taasisi; akakaa humo karibu mwaka mmoja, wakamtoa. Baba yake alimwandikia Kanner barua ya kurasa 33. Baadaye Donald alikwenda kuishi kwa mkulima na mkewe shambani. Mtoto alikuwa na kichaa cha kuhesabu, akizihesabu safu za mahindi tena na tena. Yule mkulima hakumkataza. Alimwachia ahesabu huku akilima safu zenyewe, akamfundisha kuendesha farasi na plau. Akawa anapimapima kila kitu, wakampa kisima achimbe na kuwaambia kimefika kina gani. Donald alifanya kazi benki maisha yake yote ya ukubwani, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa 2023. Ni kweli pia kwamba benki ilikuwa ya familia ya mama yake, na usije ukamwambia mama wa mtaa wa Bangladesh kule Mikindani kwamba mwanawe naye atakuwa hivyo akipenda tu. Kanner mwenyewe alipowatafuta tena watoto wake 11 mwaka 1971, wale waliofungiwa kwenye mahospitali makubwa ya serikali ndio aliowakuta wamefifia.

Sasa rudi kwa Omari. Sahani mbili hazikujileta. Alipokuwa na miaka kumi hivi, akiwa hafanyi lolote ila kutobatoba mikeka kwa mwiba, mama yake alimwita jirani aliyekuwa mshona kofia, akamwambia: huyu ataka kutoboa, mpe cha kutoboa. Kofia zile za mkono, utaziona hata leo Ijumaa pale Msikiti wa Mandhry, ni kazi ya vitundu. Bafta mbili zinawekwa pamoja, unachora nakshi, unatoboa kitundu kimoja kimoja na kukizungushia uzi. Kofia moja huweza kula mwezi mzima. Wavulana wengine hukimbia kazi hiyo baada ya wiki. Omari hakuinuka mpaka alipokufa.

Kwa Bi Zuhura kuna mkebe wa biskuti wenye kofia zake tatu. Nilizitazama chini ya taa. Mbili zimekamilika na zinafanana mpaka zinatisha. Nilihesabu vitundu vya ukingo wa juu mara mbili, idadi ni moja. Ndani, ambako hakuna mtu atakayetazama, hamna fundo hata moja linaloonekana. Ya tatu imekatwa kwa mkasi kutoka ukingoni mpaka kati. Nilimuuliza Bi Zuhura kwa nini. Akachukua kidole changu akakiweka kwenye safu ya tatu. Kitundu kimoja kimezidi. Omari aliigundua kazi ikiwa imekaribia kwisha, akaikata, akalia siku mbili. Mnunuzi alikuwa tayari kuichukua hivyo hivyo.

Nilimpa Salim aishike. Aliinusa, akairudisha mkebeni, akafunga kifuniko.

Majina ya zamani

Utakutana na maneno yanayouma: zuzu, punguani, taahira, juha, bubu, majununi, mwehu. Yaandike yote kama yalivyotamkwa. Usiyasafishe, lakini pia usiyaamini, maana kila moja ni kapu lililotiwa samaki wa kila aina. "Bubu" huenda alikuwa kiziwi. "Mwehu" huenda alipatwa na maradhi akiwa mtu mzima. Kuna na yale ya upole, "maskini ya Mungu" au "mtu wa kivyake", na uzoefu wangu ni kwamba haya ya upole ndiyo yenye usonji mara nyingi, kwa sababu hakuna aliyejua amwite nani.

Sababu nazo zitatajwa. Mama alipita chini ya mbuyu magharibi. Mtoto alipigwa na nyuni. Jini alimbadilisha kitandani. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi walichapisha mahojiano yao na wazazi na wataalamu wa pwani yetu kuhusu chanzo cha usonji, na yote mawili yalikuwamo kwa pamoja: mapepo, uchawi na laana upande mmoja, matatizo ya kuzaliwa, maambukizi na urithi upande mwingine. Tusione haya kupita kiasi. Ulaya nao walikuwa na imani yao kwamba viumbe wa msituni huiba mtoto na kuacha wa kwao, na mtoto aliyedhaniwa ni wa kuachwa aliteswa ili wenyewe waje wamchukue. Sisi tulinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Nilipompeleka Salim kusomewa, na nilimpeleka, sitaficha, zafarani kwenye sahani ilimfurahisha sana, alitaka nyingine.

Tena ile hukumu ya mama kulaumiwa haikuwa ya mbuyu peke yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Marekani, na suti zao, walikuwa wakisema usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe na mtoto wa usonji, aliandika kitabu mwaka 1964 cha kuwapinga. Mwaka 1977 uchunguzi wa mapacha huko Uingereza ukaonyesha urithi una sehemu kubwa. Kwa hivyo wifi akikuuliza ulikanyaga nini, mwambie Wazungu nao waliuliza.

Jambo moja la lazima hapa: kwa kila mtu unayetajiwa, uliza alianza lini. Usonji huwapo tangu utotoni. Mtoto aliyekuwa akizungumza vizuri, akacheza na wenziwe, kisha malaria ikampanda kichwani au surua ikampiga akiwa na miaka sita na hakurudi kuwa yule wa kwanza, hiyo ni habari nyingine, nayo inastahili kuandikwa ila kwenye ukurasa wake. Kifafa nacho ukiulize. Kuna watu wana vyote viwili.

Wasichana, na waliofichwa

Katika wale 11 wa Kanner wasichana walikuwa watatu. Sukhareva alianza na wavulana watupu. Nami mpaka mwaka jana daftari langu lilikuwa la wanaume, nikaona sawa tu, mpaka nilipofikiri Mombasa ya bibi yangu ilivyokuwa. Msichana akivunja ungo alitawishwa. Asitoke, asipaze sauti, asimtazame mtu usoni. Mvulana akifanya hivyo mtaa mzima unamwona. Msichana akifanya hivyo anasifiwa adabu. Kwa hiyo kwa wanawake geuza maswali: nani hakutaka kuolewa akalia mpaka wakamwacha? Nani aliolewa akarudi ndani ya wiki? Nani alisuka ukili tangu asubuhi mpaka usiku na hakutaka kuongeleshwa?

Niliuliza hivyo, na Bi Zuhura akafunga mlango wa uani.

Alikuwako Mwanakombo, binti wa ammi yao. Huyu hakusema neno maisha yake. Alipenda maji, mtungi, kisima cha msikiti, mvua. Nyumba yao ilikuwa karibu na bahari, upande wa Leven, na mama yake alikuwa mjane mwenye kufua nguo za watu. Akienda kuzirudisha alimfunga Mwanakombo mguu kwenye nguzo, kwa kanga. Bi Zuhura alilisema hilo mara tatu: kwa kanga, si kwa kamba. Watu walimsema kwamba anamfunga mtoto kama mbuzi. Siku moja, kwa maneno hayo, hakumfunga. Maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa mpaka ngazini. Mtoto alikuwa na miaka tisa.

Katika mti wa ukoo wetu, ule uliochorwa na ammi yangu na kutiwa fremu, Mwanakombo hayumo. Tafuta kwenye mti wenu nafasi kama hizo. Hesabu watoto ambao bibi husema alizaa, kisha hesabu walioandikwa. Na ukisikia fulani alifungwa, usikimbilie kuhukumu. Mimi nina komeo juu ya mlango wangu, juu kabisa ambapo Salim hafiki, na kila nikilivuta namkumbuka mama yule.

Ufichaji ulikuwa pia na hofu ya serikali. Hospitali ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui, na baadaye ikaitwa Mathari. Jina hilo likawa la kutishia watoto mpaka huku pwani. Siku Omari alipopiga kelele mbele ya askari, mama yake alimfungia ndani mwezi mzima asije akapelekwa bara kwa treni.

Namtaja Mwanakombo kwa sababu ukianza kutafuta utavutwa na akina Omari, wenye kipaji, wenye kofia na miongo. Asperger naye aliwaita baadhi ya watoto wake "maprofesa wadogo", akawasifu. Utafiti wa Herwig Czech uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba daktari huyo huyo, chini ya utawala wa Wanazi, alihusika kuwapeleka watoto wengine Am Spiegelgrund, kituo ambapo watoto waliohesabiwa kuwa hawana faida waliuawa. Omari apate ukurasa wake. Mwanakombo apate wake kwanza.

Karatasi

Hapa sitakaa sana, maana familia nyingi hazina. Lakini kama zenu zipo, usitafute cheti cha daktari. Tafuta ugomvi. Watu hawa huandikwa pale tu mali au ndoa inapogombaniwa. Habari ya zamani yenye maelezo mengi kuliko zote ninazozijua ni ya Hugh Blair, mwana wa mwenye ardhi huko Scotland. Mwaka 1747 mdogo wake alimshtaki Edinburgh ili ndoa yake ivunjwe, kwa hoja kwamba hana akili ya kuoa. Urithi ulikuwa nyuma yake. Mashahidi wengi wakaitwa, watumishi na majirani, wakaeleza: hurudia maneno ya anayemsemesha, huenda kwenye mazishi ya watu asiowajua, hukusanya manyoya na vijiti. Ndoa ikavunjwa. Miaka zaidi ya 250 baadaye mwanahistoria Rab Houston na mwanasaikolojia Uta Frith wakazisoma karatasi zile na kusema huyu alikuwa na usonji. Mdogo wake alitaka mali, akatuachia picha ya kaka yake bila kukusudia.

Kwetu, fungua wasia na hati za wakfu, na hukumu za kadhi kuhusu mirathi. Angalia pale ambapo fungu la mtu mzima limewekwa mkononi mwa mwingine. Aya ya tano ya Surat An-Nisaa inaagiza wasiomudu mali wasikabidhiwe, bali walishwe na kuvishwa kwayo, na waambiwe maneno mazuri. Katika wasia wa babu yetu mkuu, fungu la Omari lilishikwa na dada yake mkubwa Fatuma, naye apewe "chumba cha chini kilicho chake, chakula chake na nguo zake, wala asihamishwe". Ukilisoma hilo "asihamishwe" ujue baba yule alimjua mwanawe.

Kuandika

Usiandike "alikuwa na usonji". Hujui, na marehemu hakuulizwa. Andika alichofanya, nani amesema, na tarehe uliyoambiwa. Ukimaliza, msomee aliyekuambia, neno kwa neno, kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Mimi nilimsomea Bi Zuhura hivi:

"Omari bin Said, aitwaye Omari Miongo. Kaka wa bibi. Alifariki 1971, wakati wa kaskazi. Hakuoa. Alishona kofia. Alijua miongo. Alikula kwa sahani mbili. Hakutaka kuguswa kichwa, alinyolewa usingizini. Alikwenda Ngomeni kila alasiri. Alipikiwa na mama yake mpaka 1949, kisha na dada yake Fatuma, kisha na Zuhura, miaka kumi na miwili."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niisome tena pale penye miaka kumi na miwili. Nikaisoma.

"Tia na hili," akasema. "Kuwa n'lichoka."

Nimetia.